Nani Alikuwa Nyuma Yako?

Siku mliyoripoti kazini, Neema alisimama mlangoni akautazama uwanja wa kituo kuanzia kwenye mizani hadi kwenye matangi ya kuoshea kahawa, akaniuliza, "Dada Winfrida, mbona hapa hakuna watu? Si mlisema msimu umeanza?" Beno akaongeza, kwa sauti ya chini lakini niliisikia, "Labda mfumo umekufa." Nilikuwa nimeingiza mikono kwenye boksi la betri, nikawaambia nitawajibu siku nyingine. Ndiyo hii. Jibu limekuwa refu kuliko swali, na humo ndani nimechomeka mambo mengine ya kazi ambayo mtayahitaji.

Tukubaliane jambo moja kwanza. Mtu akiacha kazi huanza kuwahubiria waliobaki kwamba enzi zake mambo yalikuwa sawasawa. Mimi jina la mstaafu nimebandikwa na Mjomba Osmund kwa utani; kichwani sina mvi hata moja. Na enzi zangu mambo hayakuwa sawasawa. Seva ilikaa meza moja na birika la chai. Mkisikia mtu anaisifu zamani, mwulizeni birika lilikuwa wapi.

Mjomba Osmund hamkumkuta. Ni mtu wa Lipingo, kule ziwani, aliyehudumia kompyuta za ofisi Dar es Salaam miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Chama cha wakulima kilipotaka mfumo wake wa kupanga zamu za kumenya kahawa, kilimfuata yeye. Mimi nilikuja baadaye, nikiwa na shahada yangu na maswali yangu, na swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa hili: kwa nini tunahangaika na mashine yetu wenyewe, ndani ya stoo inayonuka kahawa, wakati ulimwengu mzima unakodi seva kwa watu wenye majengo ya seva?

"Mkulima anatuma nini?" akaniuliza.

"Meseji."

"Meseji inaingilia wapi?"

"Kwenye laini iliyo kwenye modemu."

"Modemu iko wapi?"

"Hapo, juu ya rafu."

"Sasa unataka mama wa Mbinga aombe zamu, ombi lake lisafiri ng'ambo ya bahari, lipigwe muhuri huko, ndipo lirudi kwenye rafu hii? Na intaneti ikikatika Songea, tumwambie nini?"

Sikuridhika. Msimu mzima, mfumo ukiwa bado unajengwa, niliandika kila mara intaneti ilipokatika huku meseji za kawaida zikiendelea kuingia. Mwisho wa msimu nikakubali kwamba kwa hili alikuwa sahihi. Kwa kitambaa hakuwa sahihi. Alikuwa anaifunika seva kwa kitambaa cha kufuma, cha waridi, kama televisheni ya sebuleni, na mashine ilikuwa inapumua kwa shida kama mgonjwa wa pumu. Tulibishana wiki kadhaa. Siku moja niliipima mashine kwa kipimajoto mbele yake, ikiwa na kitambaa na bila kitambaa. Akakikunja, akakitia mfukoni, akasema, "Basi nitampelekea dada yangu." Kumbukeni hicho kitambaa kilikoenda.

Kazi ya mfumo mnaijua, lakini sababu yake huenda hamkuambiwa. Kahawa mbivu haingoji. Uliyochuma leo imenywe maganda leo, ikilala inaanza kuchacha, na doa lake halifutiki hata uiosheje. Mtambo wa kumenya ni mmoja, wakulima ni wengi. Kwa hiyo watu walikuwa wanakuja kupanga foleni tangu jioni na kulala hapa uwanjani juu ya viroba, kwenye baridi ya Julai ambayo wenyewe mnaijua. Wengi wao ni akina mama.

Mmoja wao alikuwa Mama Skola. Jina kamili ni Skolastika, anaishi juu kabisa, mahali ambapo bodaboda hukuambia ushuke umalizie kwa miguu. Kwenye mkutano wa wanachama, baada ya Mjomba kueleza mfumo kwa maneno mengi na mishale ubaoni, Mama Skola alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Baba Osmund, mimi kompyuta sina haja nayo. Nina haja ya kulala kwangu. Hiyo kompyuta inaweza kunilaza kwangu?"

"Inaweza, mama."

"Kama inaweza, ileteni. Ila mjue, nikilala hapa tena msimu mmoja tu, kahawa yangu nitaiuza mbichi kwa walanguzi pale mlangoni kwangu, na wenzangu wote wa juu watanifuata. Tumechoka migongo."

Wakapiga makofi. Mwenyekiti hakupiga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Mkisikia watu wanazungumzia mabadiliko ya kidijitali, nyinyi mfikirieni Mama Skola na mgongo wake.

Sasa mambo ya umeme. Tulijaribu mfumo mwezi mzima kabla ya msimu, ukapita majaribio yote. Meseji zikaingia, majibu yakatoka, nikamwandikia rafiki yangu wa chuo barua pepe ya kujisifu. Siku mafundi walipokuja kujaribu mtambo wa kumenya, mota ikanguruma, na seva ikazima. Ikawaka. Mota ikanguruma tena, seva ikazima tena. Mota na seva vilikuwa kwenye waya mmoja, na mota inapoamka hunywa umeme wa chumba kizima. Mfumo wetu ulikuwa umefaulu kwa sababu mtambo ulikuwa umelala! Ndiyo maana leo seva ina paneli yake ya sola na betri yake, na ndiyo maana nawasihi: msijaribu kitu katika utulivu halafu mkategemea kitafanya kazi kwenye kelele. Washeni mota. Wekeni birika jikoni, kila mtu achaji simu yake, mvua inyeshe kwenye bati. Kisha ndipo mjaribu.

Na siku ya radi msigombane na mlinzi. Kwetu radi ikianza, kila mtu anachomoa kila kitu ukutani, na mlinzi wetu amelelewa hivyo. Alikuwa anachomoa na seva kwa nia njema kabisa. Nilimpa hotuba ya kitaalamu; akanisikiliza, na radi iliyofuata akachomoa tena. Mwishowe nikaacha hotuba, nikamwonyesha kitufe cha kuizima seva kwa upole kabla ya kuchomoa waya. Sasa anazima vizuri kuliko nyinyi wawili.

Turudi kwenye uwanja.

Jumapili ya wiki moja kabla ya kufungua mtambo, tuliwaita wanachama baada ya misa waje kupanga zamu za wiki ya kwanza. Mwenyekiti alisema kitu kipya hakianzi na watu wenye njaa, kwa hiyo ukapikwa ugali na maharage, watu wakala pamoja kwenye sinia kubwa, kama wazee wa Kimatengo walivyokuwa wakila. Mimi niliona tunapoteza saa. Kisha wakajipanga mstari kwa namna yao waliyozoea, nasi tukapita na kompyuta mpakato tukiingiza kila aliyesimama. Mfumo ungemtumia kila mmoja meseji ya siku na saa yake jioni moja kabla ya mtambo kufunguliwa. Karatasi hatukuandika. Tulikuwa tumejigamba mbele ya mkutano kwamba karatasi zimekwisha, na mtu akishajigamba ni vigumu kuomba kalamu.

Tulikuwa na mashine mbili, tulizozipa majina ya ngoma. Lizombe ilikuwa ya kazi yenyewe, yenye zamu za watu halisi. Mganda ilikuwa ya majaribio, yenye watu wa kubuni. Jumamosi iliyofuata, mtambo ukiwa unafunguliwa Jumatatu, tulikuwa tunapandisha toleo jipya la mfumo. Mjomba akataka kusafisha zamu za kubuni kwenye Mganda ili tujaribu upya. Skrini yake ilikuwa na madirisha mawili, yote meusi, maandishi meupe, yanafanana kama watoto pacha waliovalishwa sare.

"Winfrida."

"Naam, Mjomba."

"Nimefuta zamu."

"Za majaribio?"

Akavua miwani. "Hapana."

Nataka mjue alichofanya baada ya hapo, kwa sababu nimeona watu wengi wakifanya kinyume. Alitoa mikono kwenye kibodi akaikalia. Kweli kabisa, aliiweka chini ya mapaja. "Sigusi kitu," alisema. "Mtu aliyekosea sasa hivi ana haraka ya kukosea tena. Wewe gusa." Hakuzunguka, hakutafuta wa kumsukumia lawama. Mbaya zaidi ya kufuta ni ile nusu saa ya kujifanya hujafuta.

Tangu siku ile dirisha la Lizombe ni jekundu. Mkilibadilisha kwa sababu linaumiza macho, nitajua.

Bila shaka tulikuwa na nakala. Kila usiku Lizombe ilikuwa inatuma nakala Lipingo, kwenye kompyuta ndogo iliyokaa nyumbani kwa dada yake Mjomba, Bi. Grace, ili moto au mwizi akija huku, taarifa ziwe salama ziwani. Tuliiita kwa mtandao. Haikuitika. Nikampigia Bi. Grace simu, nikaweka sauti nje ili Mjomba aongee.

"Grace, kale kaboksi chini ya dirisha, taa yake inawaka?"

"Kalizima siku nyingi. Nilidhani kamepumzika."

"Kapumzike? Kamefanya kazi gani ya kuchoka? Kafunue, utazame kwenye matundu."

Tukasikia kitu kikifunuliwa. Ndiyo, kilikuwa kitambaa cha waridi. Tukasikia bisibisi, kisha kicheko.

"Osmund! Humu ndani mmejaa wale wadudu wa ziwani. Wamekauka, wamejaa pomoni. Ningejua ningewaponda nikawakaanga, na mwezi ule sikuwa na mboga!"

Kama hamjafika ziwani, kuna wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa wingi hadi ukadhani ni moshi. Watu huwakusanya, huwaponda, huwala, ni watamu. Wanapenda taa. Taa ndogo ya kaboksi iliwaita, feni ikawavuta, kitambaa kikawafungia. Mashine ikapata joto ikajizima. Ilikuwa imetuma barua pepe za malalamiko kwenye anwani ambayo mimi na Mjomba kila mmoja alidhani mwenzake anaisoma.

Bi. Grace akasafisha kwa unyoya wa kuku, akawasha, na nakala ikaja. Ilikuwa ya masika. Ina majina ya wanachama na namba zao za simu. Zamu hazimo. Kwa hiyo andikeni mahali: nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha ni matumaini tu. Na tundu la feni, kule ziwani, livalisheni kipande cha chandarua.

Mwenyekiti alifika, akasikiliza, akasema la maana kwa mtazamo wake: "Waiteni wajipange upya kesho."

"Wakija, watarudi nyumbani?" nikauliza.

Wote watatu tulijua. Mtu aliyeambiwa zamu yake imepotea hatoki tena uwanjani. Atakaa juu ya viroba vyake hadi mtambo uwake, Mama Skola akiwa wa kwanza, na baada ya hapo angeweza kuwauzia walanguzi bila kosa lolote.

Hapo nikaanza kuuliza maswali yangu. Foleni ni nini? Ni orodha, ndiyo, lakini kabla ya kuwa orodha ni watu, na kila mmoja amesimama karibu na mwingine. Hakuna anayeijua foleni nzima. Ila kila mtu anajua kipande chake. Tukivipata vipande vyote, tunaishona. Nikamweleza Mjomba. Akatoa mkono mmoja chini ya paja.

"Uliza," akasema.

Tukawatumia wanachama wote meseji: Jumapili ulipojipanga, mbele yako alikuwa nani?

Majibu yalimiminika. Bahati nzuri Mjomba alikuwa ameutengenezea mfumo kitu alichokiita ngoro, kwa mfano wa yale mashimo ya milimani kwetu yanayoshika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Meseji zinatua kwanza kwenye shimo, kisha zinasomwa taratibu. Bila hilo modemu ingetapika. Lakini majibu yenyewe, jamani! "Mbele yangu Maria Ndunguru." Maria Ndunguru yupi? "Yule wa juu." Juu wapi, wote ni wa juu! "Mbele yangu shemeji, lakini tumekosana, niwekeni mbali naye." Watu watatu waliapa walikuwa wa kwanza. Na wengi sana waliandika vitu kama "mtu mwenye sweta jekundu", "kofia ya soksi", "mgongo mpana".

Nikampigia Mama Skola.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewajibu, hamjapata?"

"Umeandika, mbele yako palikuwa na mgongo."

"Ndiyo. Mgongo na koti la kaki. Ulitaka nimgeuze?"

"Hukuongea naye?"

"Naongeaje na mgongo? Nilikuwa nimegeuka nyuma, naongea na Mama Alana. Huyo alinisimulia harusi nzima ya mwanawe, mpaka keki."

Nikakata simu, nikacheka peke yangu. Tulikuwa tumeuliza upande usio na uso. Tukatuma tena: nyuma yako alikuwa nani? Safari hii majina yalikuja na ukoo, kijiji, na habari za ziada ambazo hatukuziomba. Nikaandika programu fupi ya kuviunganisha vipande, na foleni ikaanza kujikunjua kwenye skrini.

Kisha ikakwama, na iliponikwamia ndipo nilipojifunza kitu. Nyuma ya Mama Alana kulikuwa na watu wanne, wote kwa wakati mmoja. Nikadhani programu ina kosa. Nikampigia Mama Alana.

"Si kosa," akasema. "Nyuma yangu alisimama Bosco. Lakini Bosco aliwawekea nafasi jirani zake watatu, walikuwa kwenye msiba. Mbona kila mtu anajua?"

Kila mtu isipokuwa sisi. Jumapili tulikuwa tumeingiza waliosimama tu. Waliowekewa nafasi, na walikuwa wengi mstari mzima, hawakuwamo hata kabla Mjomba hajafuta. Jumatatu wangekuja na viroba vyao, wakiwa na haki yao, na mfumo ungewaambia haujui habari zao. Foleni tuliyoshona upya ilikuwa na watu wengi kuliko ile tuliyopoteza, na ndiyo ilikuwa ya kweli. Siwaambii mfute taarifa ili mpate akili. Nawaambia tu kwamba "kuwekeana nafasi", ile sehemu mnayoiona kwenye fomu na ambayo Beno alipendekeza tuiondoe kwa sababu inachanganya, haikuwekwa kwa kupenda kuchanganya watu.

Kesho yake, Jumapili mchana, toleo jipya lilipanda, safari hii mimi nikiandika amri na Mjomba akizisoma kwa sauti kabla sijabonyeza. Jioni meseji za zamu zikatoka, moja moja, kama mtu anayedondosha mbegu za mahindi.

Jumatatu nilipanda mapema kutoka mjini. Nilitegemea kukuta moto na viroba uwanjani, kama kila mwaka. Nilikuta majivu ya mwaka jana, na Mjomba amekaa kwenye kibao akiwa na chupa ya chai.

"Hawapo," nikasema.

"Naona."

"Meseji zilitoka kweli?"

"Wewe ndiye uliyezituma."

Wa kwanza akaja saa yake, akamenya, akaondoka. Wa pili hivyo hivyo. Bado moyo haukutulia, maana zamu ya Mama Skola ilikuwa saa nne, na ilikaribia, na njia ya mlimani ilikuwa tupu. Nikatoka getini. Nikarudi. Nikatoka tena. Mjomba akaniambia nitaichosha ardhi. Nilikuwa nimeshaanza kuwaona walanguzi wakifunga viroba vyake mlangoni kwake, ndipo bodaboda ikashuka na viroba viwili, na nyuma yake Mama Skola kwa miguu, bila haraka, ana mswaki wa mti mdomoni.

"Mama! Tulidhani huji!"

Akatoa mswaki. "Si mliniambia saa nne? Saa ngapi sasa?"

Ilikuwa saa nne.

"Nimelala," akasema, akiwatazama waliokuwa wakishusha viroba kana kwamba anawapa taarifa ya kijiji. "Nimelala mpaka jua limenikuta kitandani. Mume wangu akafikiri naumwa."

Basi Neema, ndiyo maana hakuna watu. Uwanja ule mtupu ndio kazi yetu. Mtu akipita akauliza kama mfumo umekufa, mwonyesheni hayo majivu ya zamani pale karibu na mizani, nimeomba yasifagiliwe.

Mimi nimeacha kwa sababu mtu anayeuliza kila kitu akikaa sana mahali pamoja huanza kuzizoea sauti za majibu yake mwenyewe. Baba kanipa kahawa za mteremko wa kaskazini, ngoro zake zimejifukia, kazi ipo. Mjomba yuko Lipingo, kaboksi kake kana chandarua. Kila Ijumaa hunipigia kuniuliza kama nakala imejaribiwa. Namwambia awaulize nyinyi.

Na jana jioni, nikiwa nasuuza ndoo, simu ililia. Ilikuwa meseji kutoka Lizombe, ya toleo mlilopandisha wenyewe juzi bila kunishirikisha. Ilisema zamu yangu ni Alhamisi, saa tatu. Mkono ulianza kutafuta namba ya Beno niulize kama dirisha lilikuwa jekundu. Nikaiweka simu chini.

Alhamisi nitakuja saa tatu. Msiponiona kabla ya hapo, msinipigie. Nitakuwa nimelala.